Hatua Saba kwa Nne

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika mpaka mlangoni. Mafundi bomba walikuwa wakigombania viungio, mama mmoja alibishana na muuzaji juu ya rangi ambayo ukutani haikufanana na ile ya kwenye kopo, na toroli mbili zilikuwa zimekwama katikati ya njia, kila mwenye toroli akimsubiri mwenzake arudi nyuma. Fundi miwani alipenya kwa ubavu, akiomba radhi kwa kila bega alilogusa, na hata kwa yale yaliyomgusa yeye. Alivaa gauni la kijivu la kazini, viatu bapa, na miwani yenye fremu nyembamba ambayo vioo vyake alivisaga kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa akitafuta reki. Akaiona moja tu, imeegemea nyuma ya mabati. Akaushika mpini. Papo hapo mkono mwingine ukaishika upande wa meno.

"Samahani," akasema kwa ile sauti yake ndogo, na kuiachia kana kwamba imemuunguza.

Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limekunjwa hadi viwikoni, buti zimeganda udongo, na kofia ya ukindu iliyotoboka ukingoni.

"Dada, mbona unaachia upesi hivyo? Vuta basi hata kidogo, nione haya."

"Wewe ndiye uliyetangulia."

"Nimetangulia wapi? Wewe umeshika mpini, mimi nimeshika meno. Mpini ndio wenye heshima." Akaigeuza reki na kumwelekezea. "Una shamba?"

"Bustani. Ya mbele ya nyumba."

"Kubwa?"

"Hatua saba kwa nne."

Kijana akacheka mpaka fundi bomba mmoja akageuka. "Hiyo si bustani, dada. Huo ni mkeka."

"Mkeka hauoti magugu mpaka magotini," fundi miwani akajibu, kisha akashtuka mwenyewe. Maneno yake huwa yanamjia akishafika nyumbani. Leo yalimtoka palepale, mbele za watu.

Hakumweleza kilichomleta. Siku tatu kabla, mleta vifurushi alikuwa amerudisha boksi lake la fremu, na kwenye lango akabandika karatasi: *Nyumba haina watu.* Na watu walikuwamo. Baba yake alikuwa ndani, kwenye kiti chake karibu na dirisha, anasikiliza redio. "Nilimsikia akigonga," baba alisema jioni ile. "Nilidhani atachoka." Binti alitoka kwenda kuibandua ile karatasi, na kwa mara ya kwanza akakitazama kile kipande cha ardhi kama anavyokitazama mpita njia: majani yaliyolala juu ya majani, tairi, beseni lililopasuka, matofali nusunusu, na mifuko ya plastiki ya majirani walioamini, pengine kwa haki, kwamba hapo hapana mwenyewe.

"Chukua wewe," kijana akasema. "Mimi nina kitalu cha miche pale jirani na kituo cha mafuta. Nikiihitaji nitakuja kuiazima. Nipe tu namba ya simu na unieleze nyumba ilipo, nisije nikagonga malango ya watu."

Ndivyo reki moja ilivyopata wenyewe wawili.

*

Jumapili, saa mbili asubuhi, simu ikalia.

"Ni mimi, mwenye meno."

"Nani?"

"Wa reki. Nimekuja kuazima. Niko nje, lakini naona nyumba imemezwa na msitu, sijui kama nitatoka salama."

Hakuazima kitu siku ile. Alipouona ule mkeka alivua kofia, akakuna kichwa, akaomba panga. Walifyeka hadi jua likawaka. Tairi likatoka, beseni likatoka, matofali yakapangwa kando. Jumapili iliyofuata akaja tena na toroli ya samadi, na iliyofuata akaja bila sababu yoyote iliyosemwa. Yeye akawa Bwana Miche. Fundi miwani, tangu siku alipochuchumaa kuchambua magugu mpaka pua ikakaribia kugusa udongo, akawa Miwani.

"Miwani, hilo ni jani tu, si barua. Unalisoma nini?"

"Nahakikisha nisije nikang'oa kisichong'olewa. Nyinyi mnaoona mbali mna haraka."

"Na nyinyi mnaoona karibu?"

"Sisi hatukosei mara mbili."

Walitengeneza njia ya matofali kutoka lango hadi barazani. Upande wa kushoto wakapanda maua madogo ya zambarau yanayotambaa, kulia mchaichai na waridi tatu, kwenye pembe mche wa mlimau usiozidi goti. Jioni simu ziliitana bila aibu.

"Umekunywa maji?" Bwana Miche huuliza.

"Nimekunywa."

"Na mlimau wangu?"

"Kwani ni mlimau wako?"

"Wa kwetu basi. Usinibane."

Baba hakushuka bustanini. Alikuwa fundi saa mstaafu, mtu wa vitu vidogo na kimya kirefu, na jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho hata akawa anamimina chai pembeni ya kikombe. Alipita mlango wa ubavuni akitoka na akirudi. Aliitikia shikamoo za kijana kwa "marahaba" moja fupi, kisha akaongeza sauti ya redio.

Binti alijua sababu. Kando ya ukuta, ndani ya uzio wa kamba ya katani iliyooza, palikuwa na tarumbeta za mama. Ndivyo walivyoyaita yale maua: mekundu, makubwa, yenye midomo mipana kama tarumbeta za bendi, yanayoota kutoka vitunguu vilivyojificha ardhini. Mama aliyapanda mwaka alioolewa. Tangu alipofariki, miaka mitatu, hayakutoa hata ua moja. Majani tu, kisha kiangazi kinapoingia majani yanakauka, panabaki patupu.

"Gusa popote," Miwani alimwambia Bwana Miche siku ya kwanza, "lakini pale ukutani usipaguse. Ni pa mama."

"Sitapagusa," kijana akasema, na hakuuliza zaidi. Kwa kutouliza huko ndipo moyo wa Miwani ulipoanza kumwendea.

*

Baba alikuwa asafiri Jumanne kwenda kwa shangazi, mji wa mbali wenye hospitali ya macho, afanyiwe upasuaji na kukaa huko mpaka apone vizuri. Jumatatu jioni Miwani alirudi kutoka kazini na mfuko wa matunda ya safari. Akafungua lango, akapita mlimau, akasimama.

Pale ukutani udongo ulikuwa umechimbuliwa. Haukupaliliwa: umechimbuliwa, kina cha mkono mzima, kisha ukasawazishwa kwa reki. Mistari ya meno ilionekana wazi, imenyooka kama nywele zilizochanwa. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na ganda moja tu jembamba la kahawia, la kitunguu, likapeperuka hadi kwenye gauni lake.

Alipiga simu akiwa bado chini.

"Umepachimba pale?"

"Nimepachimba."

"Umeyatoa?"

"Nimeyatoa, Miwani, lakini nisikilize..."

"Nakusikiliza. Kwa nini?"

"Siwezi kukuambia sasa. Nipe muda kidogo. Niamini."

"Ulisema hutapagusa."

"Najua nilichosema."

"Yako wapi?"

Lori likapita upande wa kijana, honi ikalia.

"Basi," Miwani akasema, na kukata.

Watu wenye hasira hupiga kelele. Yeye sauti ilizidi kudidimia. Alisimama mlangoni pa chumba cha baba. Mzee alikuwa anakunja mashati kwa kupapasa, na juu ya sanduku alikuwa ameweka shali ya mama, ile ya bluu. Aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Ni wewe, mwanangu? Bustani haijambo?"

Macho ya baba yalikuwa na ukungu. Pale ukutani asingeona hata ng'ombe. Kesho kutwa wangempasua jicho. Mtu unaanzaje kumwambia jambo kama hilo?

"Haijambo, baba," akajibu.

Asubuhi, baada ya kumsindikiza baba kituoni, alipita kwenye kitalu kabla hakijafunguliwa. Akaiegemeza reki langoni, meno yamefungwa kwa gazeti yasije yakamchoma mtu. Hakuacha neno.

*

Wiki saba ni nyingi kwa mtu anayeikwepa simu yake mwenyewe. Mwanzoni Bwana Miche alipiga kila jioni. Kisha akaandika: *Mlimau umwagilie asubuhi, jioni unaalika fangasi.* Kisha: *Siku ikifika utaelewa.* Miwani aliusoma ule ujumbe wa pili mara kumi na kila mara ukamtia uchungu upya. Mlimau lakini aliumwagilia asubuhi.

Baba alipiga kila Ijumaa.

"Bustani inaendeleaje?"

"Vizuri, baba."

"Na pale ukutani?"

"Vizuri pia."

"Na yule kijana?"

"Ana kazi nyingi."

Baba akacheka, kicheko ambacho hajakisikia kwa miaka mitatu. "Haya, haya. Jicho linaona sasa. Nimemwona shangazi yako, amezeeka kweli, mimi nilikuwa sina habari!" Nyuma yake shangazi akasikika akimtishia kumnyima chakula.

Akafurahi na akaogopa kwa pamoja. Baba anarudi na jicho linaloona. Jambo la kwanza atakalolitazama ni ule ukuta.

Ndipo alipojikaza na kumweleza Kasuku, mpokea wateja wa duka la miwani alikofanya kazi, ambaye alipewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Alimweleza habari za maua, siyo habari za moyo. Za moyo Kasuku alijijazia mwenyewe.

"Kwa hiyo unataka nini, shoga?"

"Nitafutie vitunguu kama vile. Vya maua mekundu. Nipande kabla baba hajafika. Tembelea vitalu vyote, ila kile cha kituo cha mafuta usiende."

"Siendi," Kasuku akasema, na saa sita mchana akaenda kule kwanza.

Alirudi anahema, kilemba kimekaa upande. "Shoga, vipo! Maboksi manne! Safi, vimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule. Nikaomba viwili tu. Akakataa. Nikabembeleza, nikacheka, nikamtolea na macho haya unayoyajua. Wapi! Anasema vina mwenyewe."

Miwani aliweka chini kioo alichokuwa akikisaga. "Mwenyewe nani?"

"Si ndiyo kichekesho! Ameandika kwenye kila boksi kwa kalamu nene: *Vya mama yake Miwani. Haviuzwi.* Sasa mimi nikajiuliza, mtu mzima anaitwaje Miw..." Kasuku akanyamaza. Akamtazama mwenzake usoni, akaitazama ile fremu nyembamba. "Ala!"

Miwani alikuwa ameshashika mkoba.

*

Bwana Miche alikuwa amesimama kati ya safu za miche na ndoo ya kunyunyizia, kofia ileile, buti zilezile, ila uso umepungua. Alipomwona akaiacha ndoo imwagike mguuni.

"Naomba kuona maboksi," Miwani akasema. Alikuwa na aproni ya kazini, na vumbi jeupe la vioo mpaka kwenye nyusi.

Alimpeleka chini ya kivuli cha wavu. Vitunguu vilikuwa vikavu, vimesuguliwa udongo, vikubwa katikati na vidogo pembeni, makumi kwa makumi. Kwenye kona ya boksi la mwisho ilikuwapo kamba ya katani iliyooza, imekunjwa vizuri. Hata hiyo hakuitupa.

"Vilikuwa vimebanana kule chini," kijana akasema taratibu. "Vimezaana mpaka vinakabana koo. Ndiyo maana havikutoa maua. Inabidi vitolewe, vitenganishwe, vikaushwe kivulini, kisha vipandwe upya mvua ikikaribia."

"Na hukuweza kuniambia hayo?"

"Niliahidi nisiseme."

"Mimi uliniahidi kwanza."

"Ndiyo." Akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Hapo ndipo nilipokwama. Ahadi mbili, watu wawili, nyumba moja. Yako nimeivunja, nakuomba msamaha, sina cha kujitetea. Lakini usinifanye nivunje na ya pili. Mpigie baba."

"Baba?"

"Mpigie, Miwani. Kabla sijamwaga mtama."

Alipiga akiwa amekaa juu ya gunia la samadi, spika wazi ili na kijana asikie.

"Baba, tarumbeta za mama ziko wapi?"

Kabla hajajibu, sauti ya shangazi ikapenya kutoka jikoni: "Mwambie! Si nilikuambia umwambie?"

"Mwanangu," baba akasema. "Ilikuwa kazi yangu. Kila mwaka wa tatu mama yako alikuwa ananisukuma: inuka, kachimbe. Mimi nachimba, yeye anatenganisha, tunavilaza chini ya kitanda. Ule mwaka alipoondoka ndio ulikuwa mwaka wake. Sikuinuka. Wewe kila kiangazi ukawa unakaa pale unaona labda yamekufa kwa huzuni, na mimi najua ni uvivu wa baba yako tu." Akakohoa. "Jumatatu ile nilishuka. Nikamwomba yule kijana anichimbie, jicho langu lingevikata. Alikataa, alisema amekuahidi. Nikamwambia, mimi ni mume wa aliyeyapanda. Nikamwapisha. Nilitaka uyaone yakiwa yamechanua, usijue aibu yangu. Nilidhani majani yameshakauka, hutagundua."

"Baba, mimi ni fundi miwani."

"Hilo nililisahau."

"Na wiki zote hizi mimi nakuficha wewe! Nilidhani yametupwa, nikaogopa ukijua utaumia."

"Unanificha mimi?" Baba akaanza kucheka, na kicheko kikavunjika katikati. "Tumekaa nyumba moja, mwanangu, tunafichana mama mmoja."

Simu ilipokatika, Miwani alivua miwani akaifuta kwa pindo la aproni, akaichafua zaidi. Bwana Miche alichukua kitambaa safi mfukoni, akaifuta yeye, polepole, kioo kimoja kimoja, akamvisha.

"Unaniona?"

"Nakuona. Umekonda."

"Nani angenona, wewe hupokei simu?"

"Nilisema hatukosei mara mbili," Miwani akasema. "Basi hili ndilo moja langu. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu nilipoliona lile gazeti ulilofungia meno. Mtu amekasirika hivyo, bado anaogopa reki isimchome mwingine." Akainama karibu. "Na mlimau?"

"Asubuhi," akanong'ona. "Kila asubuhi."

*

Baba alirudi mawingu yalipoanza kukusanyika. Binti yake alimsagia miwani ya kusomea, na kitu cha kwanza alichokisoma kilikuwa maandishi ya kwenye boksi. Jumapili alivaa suruali kuukuu, akapita mlango wa mbele, akatembea juu ya njia ya matofali kana kwamba anapima kama inambeba. Bwana Miche alikuwa amekuja na reki begani. Baba akachimba mwenyewe. Miwani alitenganisha, kama mama.

Ukuta ukajaa, na boksi zima likabaki.

"Majirani watapata," baba akasema. "Wale wa mifuko ya plastiki wawe wa kwanza. Tuone kama watatupa tena."

"Na hivi kumi vya mwisho?" Miwani akauliza.

"Hivyo vya kwetu," Bwana Miche akasema, macho ameyakaza kwenye udongo.

"Kwetu wapi?"

"Hapo ndipo nilipotaka unisaidie kujibu." Alikuwa ameshapiga magoti kwa kazi, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti ila Miwani. "Nimechoka kuibeba hii reki barabarani, Miwani. Natamani iwe na nyumba moja. Popote utakaposema. Hata pawe hatua mbili kwa mbili."

Maneno yake yakamkimbia, yote, kama zamani. Alibaki na kitunguu mkononi, midomo wazi.

"Jibu, mwanangu," baba akasema bila kugeuka. "Mgongo unaniuma na siwezi kuinuka katikati ya mambo kama haya."

"Mbili kwa mbili haitoshi," Miwani akasema hatimaye. "Mlimau nao tutauweka wapi?"

Mvua zikanyesha. Wiki chache baadaye mashina ya kijani yakachomoza, na asubuhi moja tarumbeta ya kwanza ikafungua mdomo, nyekundu, kuelekea barazani ambako baba alikuwa amehamishia kiti na redio. Ya pili ikafuata, kisha hakuna aliyezihesabu tena.

Siku hiyohiyo pikipiki ikasimama langoni. Mleta vifurushi akaitazama karatasi yake, akautazama ukuta, akaitazama karatasi tena. Akanyoosha shingo juu ya lango.

"Jamani, samahani! Naona nimepotea. Natafuta ile nyumba isiyo na watu."

Ndani, chai ilikuwa mezani na watatu walikuwa wakicheka jambo fulani. Fundi miwani, ambaye maisha yake yote aliomba radhi kwa kila bega, alisimama, akafungua dirisha, na kupaza sauti mpaka majirani wakachungulia.

"Tupo!" akasema. "Tupo! Ingia!"